Ritifaa Iliyogeuka Alama ya Kuuliza: Historia ya Uandikaji wa Baiti Katika Faili na Hatima ya Matini za Masasi na Newala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tendo moja dogo la kiufundi, yaani kuandika baiti katika faili kwa lugha ya programu ya Java, pamoja na athari zake kwa matini za Kiswahili na Kimakonde zilizokusanywa Masasi na Newala. Hoja kuu ni kwamba baiti haina herufi ndani yake. Herufi hupatikana kwa mapatano kati ya anayeandika na atakayesoma, na kuanzia mwaka 1996 hadi 2022 Java iliruhusu mapatano hayo yaamuliwe kimyakimya na kompyuta iliyotumika. Kwa kulilinganisha jambo hilo na desturi za zamani za kuchapa na kurekodi lugha za eneo hilohilo, makala yanaonyesha kwamba kuyataja mapatano ni sehemu ya uhariri wa matini, wala si kazi ya fundi peke yake.

1.0 Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikusanya masimulizi na orodha za msamiati katika vijiji vilivyo kati ya Lulindi na Newala. Lulindi, iliyokuwa kituo cha misheni ya UMCA chenye hospitali, ni mahali ambapo mtafiti wa isimu hakutani na lugha moja. Wamakua, Wayao na Wamakonde ni majirani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na kanisani. Masimulizi yaliandikwa kwanza kwa kalamu katika madaftari, kisha yakachapwa kwa kompyuta. Mwanafunzi mmoja mwenye ujuzi wa programu alitusaidia kuandika programu fupi ya Java iliyosoma mafaili hayo yote na kuyaunganisha katika faili moja kubwa, ambalo lilihifadhiwa katika seva ya taasisi moja.

Miaka kadhaa baadaye nilipolifungua faili lile ili kuandaa toleo la masimulizi, nilikuta neno ng'ombe limeandikwa ng?ombe. Nilidhani kwanza kwamba tatizo ni la fonti. Haikuwa hivyo. Alama ya kuuliza ilikuwamo katika faili lenyewe, na kila mahali palipokuwa na irabu yenye alama ya toni katika matini za Kimakonde palikuwa na alama hiyohiyo ya kuuliza. Mafaili ya awali yalikwisha kufutwa ili kupata nafasi. Madaftari yaliokoa sehemu ya kazi, lakini mawili yalikuwa yameliwa na mchwa. Niliporudi kijijini kuuliza upya, bibi aliyetoa masimulizi ya daftari mojawapo alikuwa amekwisha kufariki. Konsonanti na irabu zake ninazo hadi leo. Toni zake sinazo.

Kwa kawaida mkasa wa namna hii husimuliwa kama ajali ya mitambo. Makala haya yanauchukulia kama tukio la kihistoria lenye sababu, tarehe na watoa uamuzi. Maswali yanayoongoza uchunguzi ni mawili: ritifaa ile ilipotelea katika hatua gani hasa, na ni nani aliyeamua kwamba ipotee?

2.0 Kabla ya Baiti: Risasi za Chapa na Mitungi ya Nta

Lugha za uwanda wa Makonde ziliingia katika maandishi ya Kirumi kwa njia ya Zanzibar. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alichapisha Zanzibar kijitabu cha mkusanyiko wa maneno na sarufi ya Kimakonde, na mwaka huohuo akaongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani hadi Masasi, ambako walianzisha makazi. Chauncy Maples alifuata na mkusanyiko kama huo wa Kimakua mwaka 1879. Baadaye, Lyndon Harries, aliyekuwa mmisionari wa UMCA katika dayosisi ya Masasi kabla ya kujulikana kwa kazi zake za ushairi wa Kiswahili, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kimawiha mwaka 1940. Kazi hizo zilikuwa na sharti moja lililofanana: sauti za lugha zilipaswa kutoshea katika herufi za risasi zilizokuwa ndani ya sanduku la mpiga chapa.

Sharti hilo linatusaidia kuielewa ritifaa ya ng'. Nazali ya kaakaa laini haina herufi yake katika alfabeti ya Kirumi. Wanaisimu huiandika kwa alama ya ŋ, lakini alama hiyo haikuwamo katika sanduku la kawaida la chapa. Ritifaa ilikuwamo katika kila sanduku. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, na kamusi sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilipotoka mwaka 1939, ng' iliandikwa kama tunavyoiandika leo. Tahajia hiyo ilikuwa na faida iliyo wazi: mwandishi yeyote mwenye taipureta ya Kiingereza aliweza kuandika Kiswahili chote bila kununua kitufe kimoja cha ziada.

Njia ya pili ya kuhifadhi lugha ya eneo hili ilikuwa sauti yenyewe. Mwaka 1906 Karl Weule, aliyetoka katika jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka Masasi, Newala na Mahuta akiwa na fonografu, na akarekodi nyimbo katika mitungi ya nta. Simulizi ya safari yake ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na Alice Werner akaitafsiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Mtungi wa nta hauna alfabeti. Sindano huchimba mfuo, na mfuo huo unabeba mtikisiko wa hewa bila kujali ni Kimakonde, Kiyao au kikohozi cha mwimbaji. Kwa mtazamo huo, mtungi wa nta ni ndugu wa karibu wa faili la kompyuta kuliko kitabu kilichochapwa.

Hata hivyo, mtungi una upungufu mmoja mkubwa: hausemi ulizungushwa kwa kasi gani uliporekodiwa. Ukizungushwa haraka zaidi, sauti ya mzee huwa ya mtoto, na vipimo vyote vya toni huharibika. Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900 na Carl Stumpf na baadaye kuongozwa na Erich von Hornbostel, ililijua tatizo hilo. Ilielekeza wasafiri wapulize filimbi ndogo yenye sauti ya mitikisiko 435 kwa sekunde mwanzoni mwa kila mtungi. Anayesikiliza baadaye hurekebisha kasi mpaka filimbi irudi katika kimo chake, na hapo ndipo huanza kusikiliza wimbo. Mkusanyiko wa hifadhi hiyo uliingizwa katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Filimbi hiyo ndiyo kiini cha hoja ya makala haya: anayeandika data isiyojieleza anawajibika kuacha, ndani ya data au kando yake, alama ya namna inavyopaswa kusomwa.

3.0 Baiti na Mapatano

Baiti ni namba kati ya 0 na 255. Faili ni mfululizo wa namba hizo, na hakuna kingine ndani yake. Neno ng'ombe likiandikwa kwa mfumo wa ASCII, uliowekwa mwaka 1963, linakuwa namba saba: 110, 103, 39, 111, 109, 98 na 101. Namba 39 ni ritifaa iliyonyooka. ASCII ilitumia nafasi 128 tu, nazo zilitosha kwa Kiswahili sanifu kwa sababu ileile iliyotajwa hapo juu: waliosanifisha tahajia walikwisha kuibana ndani ya kitufe cha taipureta. Kwa bahati hiyo, Kiswahili hakikupata matatizo yaliyozikumba mapema lugha kama Kiyoruba, zenye herufi za nukta na alama za toni katika tahajia ya kila siku.

Nafasi 128 zilizobaki katika baiti zilijazwa na kila mtengenezaji kwa namna yake. Kiwango cha ISO 8859-1 cha mwaka 1987 kiliziweka herufi za lugha za Ulaya Magharibi. Windows iliongeza juu yake alama kadhaa, ikiwemo ritifaa iliyopinda, katika nafasi ya 146. Kompyuta za Macintosh ziliiweka ritifaa hiyohiyo katika nafasi ya 213. ISO 8859-1 haikuipa nafasi yoyote. Ritifaa iliyopinda ilianza kuvamia matini za Kiswahili pale programu za kuchapia nyaraka, Word ikiwa mojawapo, zilipoanza kuipinda ritifaa kila mtumiaji alipobonyeza kitufe cha ritifaa iliyonyooka. Mchapaji wa Newala aliandika ng' kama alivyofundishwa. Programu ikaigeuza kwa ajili ya urembo wa chapa ya Kiingereza.

Yunikodi, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ilikusudia kuimaliza vurugu hiyo kwa kuipa kila alama namba moja duniani kote. Ritifaa iliyopinda ilipata namba 8217. Namba hiyo haitoshi katika baiti moja, kwa hiyo ilihitajika kanuni ya kuigawa. Kanuni iliyoshinda ni UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Katika UTF-8 ritifaa iliyopinda huandikwa kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Namba 128 za kwanza zilibaki kama zilivyokuwa katika ASCII. Maana yake ni kwamba kila faili la Kiswahili lililoandikwa kwa ASCII, hata kabla UTF-8 haijabuniwa, ni faili halali la UTF-8 bila kuguswa.

Kutokana na hayo, neno moja la herufi saba laweza kuwa baiti saba au tisa katika faili, na baiti ya ritifaa yaweza kuwa 39, 146 au 213. Faili halisemi ni mapatano yapi yaliyofuatwa. Msomi wa hati za Kiswahili cha Kiarabu atalitambua jambo hili. Waandishi wa zamani wa pwani waliandika p na b kwa herufi moja, na e na i kwa kasra moja. Msomaji aliyeijua lugha na bahari za ushairi alizitenganisha mwenyewe. Tofauti ni kwamba kule msomaji alishiriki katika mapatano, ilhali kompyuta haina maarifa ya lugha yanayoweza kuziba pengo hilo.

4.0 Java na Uamuzi wa Kimyakimya, 1996–2022

Java ilibuniwa katika kampuni ya Sun Microsystems chini ya uongozi wa James Gosling, na toleo lake la kwanza lilitoka Januari 1996. Ni lugha ya programu inayojengwa juu ya vitu: kila kitu ni cha klasi fulani, na klasi huamua kitu hicho kinaweza kufanya nini. Mwanaisimu wa Kibantu anaweza kuifikiria klasi kama ngeli, kwa kuwa ngeli huamua ni viambishi vipi vinavyoruhusiwa, na klasi huamua ni vitendo vipi vinavyoruhusiwa. Klasi inayohusika hapa ni FileOutputStream, yaani mkondo wa kutolea baiti kwenda katika faili. Kitu cha klasi hiyo hufunguliwa kwa jina la faili, hupokea baiti moja moja au safu ya baiti, kisha hufungwa.

Mwenendo wa mkondo huo una masharti ambayo mtafiti anapaswa kuyajua. Mkondo ukifunguliwa kwa namna ya kawaida, faili lililokuwapo kwa jina hilo hufutwa papo hapo na kuwa tupu, hata kabla baiti ya kwanza haijaandikwa. Anayetaka kuongeza mwishoni mwa faili hana budi kusema hivyo waziwazi. Mara nyingi mkondo huwekewa bafa, yaani nafasi ya muda katika kumbukumbu inayokusanya baiti, kwa kawaida 8,192, kabla ya kuzipeleka katika diski kwa mkupuo. Umeme ukikatika kabla ya bafa kumwagwa, mwisho wa simulizi haufiki katika faili. Jambo hili si la nadharia tu katika wilaya ambako umeme hukatika pasipo taarifa. Toleo la saba la Java, mwaka 2011, lilileta muundo wa sentensi ya programu unaohakikisha kwamba mkondo unafungwa hata kosa linapotokea; kabla ya hapo ilitegemea uangalifu wa mwandishi wa programu.

Sharti zito kuliko yote ni hili: mkondo wa baiti haupokei herufi. Herufi ya Java tangu mwanzo ilikuwa na biti 16 kwa kufuata Yunikodi, ilhali baiti ina biti 8. Mtu akiupa mkondo namba ya ritifaa iliyopinda, 8217, mkondo huchukua biti nane za mwisho tu na kuzitupa nyingine. Kinachobaki ni 25, alama ya udhibiti isiyoonekana katika skrini. Katika toleo la kwanza, njia iliyotolewa ya kugeuza matini kuwa baiti ilifanya kazi kwa namna hiyohiyo, kwa kukata nusu ya kila herufi. Wabunifu walitambua kosa, na toleo la 1.1 la mwaka 1997 likashauri njia hiyo isitumike tena na kuleta familia mpya ya klasi za kuandika herufi, zikiwemo OutputStreamWriter na FileWriter. Klasi hizi husimama kati ya herufi na mkondo wa baiti, na kazi yake ni tafsiri.

Hapa ndipo uamuzi tunaoutafuta ulipofanyika. OutputStreamWriter ilimruhusu mwandishi wa programu kutaja mfumo wa usimbaji, lakini haikumlazimisha. FileWriter, iliyokuwa rahisi zaidi na kwa hiyo ikapendwa zaidi na vitabu vya wanaoanza, haikumpa hata nafasi ya kutaja. Asipotaja, Java ilichukua mfumo wa kompyuta iliyokuwa ikitumika. Katika Windows ya Kiingereza ulikuwa ule wa Windows. Katika Macintosh za wakati huo ulikuwa wa Macintosh. Katika seva ya Linux ambayo msimamizi wake hakuweka mpangilio wa lugha, ulikuwa ASCII tupu. Java ilijitangaza kuwa lugha ambayo programu yake huandikwa mara moja na kufanya kazi popote. Programu ilifanya kazi popote kweli, lakini faili lililotoka halikuwa lilelile.

Uamuzi wa pili uliandamana na wa kwanza. Herufi isipokuwamo katika mfumo uliochaguliwa, klasi hizi hazikusimama wala kutoa onyo. Ziliandika baiti 63, yaani alama ya kuuliza, na kuendelea. Haikuwa lazima iwe hivyo. Tangu toleo la 1.4 la mwaka 2002 Java ilikuwa na klasi ya CharsetEncoder iliyoweza kuagizwa kutoa kosa na kukataa kuandika herufi isiyo na nafasi. Ukimya ulikuwa tabia ya kawaida; ukali ulipaswa kuombwa.

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 2014 baadhi ya njia mpya za kuandika matini katika faili ziliichukua UTF-8 bila kujali kompyuta. Mwaka 2018, katika toleo la 11, FileWriter ilipewa nafasi ya kutaja usimbaji, miaka 21 baada ya kuzaliwa kwake. Hatimaye, Machi 2022, toleo la 18 liliifanya UTF-8 kuwa mfumo wa kawaida katika kompyuta zote. Programu ya mwanafunzi wetu ingeandikwa leo, neno kwa neno kama ilivyokuwa, na kuendeshwa kwa toleo jipya katika seva ileile, ritifaa ingesalimika.

5.0 Kuharibika na Kupotea

Wanafilolojia huyatenganisha makosa ya mnakili yanayoweza kurekebishwa na yale yasiyoweza. Utengano huo unafaa hapa. Faili likiandikwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa mfumo wa Windows, neno huonekana ngâ€™ombe. Ni sura ya kutisha, na wengi huamini kwamba faili limekufa, lakini baiti zote tatu za ritifaa zimo. Kulisoma upya kwa mapatano sahihi kunatosha. Hali hii ni sawa na mtungi wa nta uliozungushwa kwa kasi isiyo yake: wimbo upo, kinachokosekana ni filimbi.

Faili likiandikwa kwa ASCII likiwa na ritifaa iliyopinda, neno huwa ng?ombe. Sura hii ni tulivu kuliko ile ya kwanza, na msomaji wa Kiswahili huielewa bila shida. Ndiyo hatari zaidi, kwa sababu baiti 63 haisemi ilikuwa nini kabla. Katika Kiswahili muktadha huokoa mengi: anayekutana na ng?oa pembeni ya shina la muhogo hajiulizi kama ni ng'oa au ngoa ya wivu. Kimakonde hakina bahati hiyo. Ni lugha ya toni, na sarufi ya Pieter Kraal ya lahaja ya Chinnima, iliyotoka Leiden mwaka 2005, inaonyesha jinsi toni inavyobeba kazi za kisarufi katika vitenzi. Katika matini yangu irabu yenye toni ya juu na ritifaa ziligeuka baiti moja. Si toni pekee iliyopotea. Hata irabu ipi ilikuwa mahali pale inapaswa kukisiwa.

Kuna aina ya tatu inayokaa katikati. Irabu á yaweza kuandikwa kwa namba moja ya Yunikodi au kwa mbili, a ikifuatwa na alama ya toni inayojiegemeza juu yake. Katika UTF-8 ya kwanza ni baiti 195 na 161. Ya pili ni 97, 204 na 129. Machoni ni kitu kimoja. Kwa programu ya kutafuta ni maneno mawili tofauti. Orodha ya msamiati iliyochapwa na wasaidizi wawili kwa kibodi mbili yaweza kuwa na kila neno mara mbili, na hesabu za marudio ya maneno zikakosewa bila yeyote kugundua. Mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001 uliihimiza kazi ya kukusanya misamiati ya lugha za jamii, na atlasi yake ya mwaka 2009 ilitukumbusha wingi wa lugha hizo. Kadiri mikusanyo ya namna hii inavyoongezeka, ndivyo swali la baiti linavyozidi kuwa swali la ushahidi wa kiisimu.

6.0 Je, Ritifaa ni Herufi?

Nyuma ya tatizo la kiufundi kuna swali la isimu ambalo tahajia ya 1930 iliweza kuliacha wazi. Katika ushairi ritifaa huonyesha kwamba sauti imedondoshwa, na hapo ni alama ya uakifishaji. Katika ng' haionyeshi udondoshaji wowote. Ni sehemu ya konsonanti, kama h ilivyo sehemu ya sh. Kwa umbo ni alama. Kwa kazi ni herufi.

Kompyuta hailioni hilo. Katika Yunikodi ritifaa iliyonyooka na iliyopinda zimeorodheshwa kama uakifishaji, na programu inayokata maneno kwa kigezo cha herufi tu huligawa ng'ombe kuwa ng na ombe. Kopasi ikikatwa hivyo, ng huonekana kuwa neno la Kiswahili lenye marudio mengi. Yunikodi inayo ritifaa nyingine, namba 700, iliyoorodheshwa kuwa herufi, ambayo huandikwa kwa baiti 202 na 188. Kinadharia hiyo ndiyo inayofaa ng'. Kiutendaji haimo katika kibodi ya kawaida wala ya simu, na kuitumia sasa kungeleta ritifaa ya tatu pale ambapo mbili zimekwisha kutusumbua.

Msimamo wa makala haya ni kwamba kwa matini za Kiswahili ritifaa iliyonyooka, namba 39, ndiyo ihifadhiwe katika mafaili ya utafiti. Sababu si ya kiisimu bali ya kihistoria. Ndiyo pekee ambayo baiti yake haikubadilika katika mifumo yote iliyotajwa, tangu ASCII hadi UTF-8. Urembo wa ritifaa iliyopinda uachiwe mpiga chapa wakati kitabu kinapokwenda mitamboni. Kukata maneno kusahihishwe katika programu ya uchambuzi, ambayo huweza kufundishwa kwamba ng' ni konsonanti moja. Kwa Kimakonde na lugha nyingine za toni, hakuna njia ya kukwepa kuitaja UTF-8 pamoja na namna moja ya kuandika irabu zenye alama.

7.0 Hitimisho

Swali la nani aliyeamua kwamba ritifaa ipotee lina majibu kadhaa yanayoshikamana. Waliosanifisha tahajia waliipa alama ya uakifishaji kazi ya herufi. Watengenezaji wa programu za kuchapia waliipinda bila kuulizwa. Wabunifu wa Java waliacha usimbaji uamuliwe na kompyuta, na wakachagua kubadilisha kimya badala ya kukataa kwa sauti. Msimamizi wa seva hakuweka mpangilio wa lugha. Mimi nami niliifuta nakala ya awali kabla sijalisoma faili jipya hata ukurasa mmoja. Katika mlolongo huo hakuna aliyekusudia kuidhuru lugha yoyote. Kila mmoja alidhani mapatano yanajulikana.

Marekebisho ya 2022 yamepunguza hatari kwa mafaili yatakayoandikwa, lakini hayayagusi yaliyokwisha kuandikwa katika robo karne iliyotangulia, na hicho ndicho kipindi ambacho sehemu kubwa ya data zetu za lugha za jamii ilihamia kutoka madaftarini kwenda katika kompyuta. Mafaili hayo yanapaswa kukaguliwa sasa, wakati madaftari na baadhi ya wasimulizi bado wapo. Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Neno ng'ombe litafutwe na baiti zake zihesabiwe. Zikiwa saba na ya tatu ni 39, faili ni salama kwa upande wa ritifaa. Zikiwa tisa, ritifaa imepinda lakini imo. Zikiwa saba na ya tatu ni 146 au 213, mapatano yanajulikana na faili laweza kutafsiriwa. Ya tatu ikiwa 63, hakuna programu itakayosaidia. Mtafiti arudi kijijini.

Waliopuliza filimbi mbele ya pembe ya fonografu hawakujua ni mashine gani zingekuja kuusoma mfuo wa nta. Walijua tu kwamba msomaji atakuwa mgeni. Kila toleo la matini na kila hifadhi ya data za lugha inahitaji sentensi moja ya namna hiyo, inayotaja usimbaji uliotumika, ritifaa iliyochaguliwa na namna alama za toni zilivyoandikwa. Sentensi hiyo ingeandikwa katika faili la Lulindi, mtu mmoja angelazimika kuthibitisha kwamba ni kweli, naye angeziona alama za kuuliza siku ya kwanza.